Kilomita 660, lakini saa ngapi?

Wadogo zangu mnaoanza kupanga safari za ndege ndogo hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, nianze na aibu yangu. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilipewa Lubumbashi–Kalemie. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 660. Rubani alisema Caravan yake, ndege ndogo ya injini moja, inakwenda 170. Nikagawanya, nikapata karibu saa nne, nikamwambia dereva wa Kalemie asifike kabla ya saa saba kasorobo. Ndege iliondoka saa tatu asubuhi, saa tano na dakika chache imeshatua. Abiria wakakaa chini ya mti kando ya uwanja wakisubiri gari. Dereva alipowakuta akanipigia: "Papa, hawa watu wako wamekauka kuliko ndakala, wale dagaa wakavu!"

Ile 170 ilikuwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, na maili moja ni kilomita 1.852. Kilomita 660 ni maili 356 hivi. Gawanya kwa 170: saa mbili na dakika sita. Siku hizi kabla ya kushika kikokotoo natazama ramani kwanza. Digrii moja ya latitudo ni maili 60. Luano iko karibu 11.6 kusini, Kalemie 5.9, kwa hiyo kwenda kaskazini tu ni maili 340 na kidogo. Jibu likija mbali sana na hapo, umekosea mahali.

Halafu ongeza. Mimi huweka dakika kumi za ndege kutembea ardhini na kupanda angani. Upepo wa noti 20 ukija usoni, zile saa mbili na dakika sita zinakuwa mbili na ishirini na tatu. Wakati wa mvua, mawingu ya mchana yanamzungusha rubani, na hapo usibishane naye.

Mafuta ndiyo yanayowachanganya wageni wengi. Kama huna hakika ya kuyapata unakokwenda, unabeba ya kurudia. Lita 300 ni kama kilo 240: abiria watatu wanabaki nyumbani. Waambie siku moja kabla, si mbele ya mizani na mabegi yao.

Giza nalo. Uwanja usio na taa, hesabu yake anza nyuma. Mwezi wa Juni jua letu linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, basi toa saa za kurudi, toa muda wa kushusha mzigo, ndipo ujue mwisho wa kuondoka.

Na saa zenyewe andika kwa ukamilifu. Saa tatu asubuhi ni 9:00 kwenye simu yako, 8:00 kwa mwenzako wa Kinshasa, 7:00 kwenye karatasi ya rubani anayetumia UTC, saa ya kimataifa. Mimi naziandika zote nne kwenye mstari mmoja, kwa kalamu nyekundu.