Jibu: Ule ukungu kuizunguka M87

Mkuu, umeuliza kama ule ukungu unaoizunguka galaksi ya M87 kwenye picha ni gesi au ni uchafu wa kamera. Si hiki wala kile. Ni nyota, ila zimetawanyika mno; huko pembezoni mwanga wake haufikii asilimia 1 ya mng'ao wa anga la usiku lenyewe. Hata mabingwa hutoka jasho kuutenganisha na mwanga wa nyota za karibu unaosambaa ndani ya darubini, kwa hiyo hukukosea kushuku.

M87 imekaa katikati ya kundi la magalaksi la Virgo, miaka ya nuru kama milioni 54 kutoka hapa. Galaksi ndogo ikijipitisha karibu, mvutano unainyonyoa nyota zake kama kuku. Mwaka 2015 wanaastronomia walitoa matokeo ya kupima mwendo wa nebula za sayari kama 300 ndani ya ukungu huo (jina linapotosha, ni gesi inayovuliwa na nyota zinazokufa, inang'aa kijani). Wakagundua M87 imemeza galaksi nzima ya wastani ndani ya miaka bilioni 1 iliyopita.

Kuna na nyota zinazoelea bila galaksi yoyote. Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliripoti mwanga wa nyota kama hizo kwenye kundi jingine la magalaksi, la Coma, tangu 1951.