Mwanangu, usiondoke usiku

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kama ni busara kuondoka Ijumaa saa nne usiku, ukishatoka kazini na kula, ili watoto walale njiani na mfike saa moja asubuhi. Umeniuliza pia ni kitu gani cha kuandaa zaidi ya kulipeleka gari kwa fundi, ambaye amelikagua na kusema liko sawa. Naanza na swali la kwanza kwa sababu ndilo lililoninyima raha, na jibu langu ni hapana.

Tazama hesabu yako. Umechukua kilomita 900 ukazigawa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ukapata saa 9 za safari. Hakuna barabara ndefu inayokubali hesabu hiyo, kwani kuna miji ya kupita taratibu, malori ya kufuata nyuma kwenye milima, sehemu zinazotengenezwa, mafuta ya kujaza na watoto wanaotaka kushuka. Mimi hupiga hesabu kwa kilomita 70 kwa saa, na hapo safari yako inakuwa ya karibu saa 13 kabla hatujahesabu mapumziko. Maana yake hutafika saa moja asubuhi, utafika adhuhuri, ukiwa umekesha usiku kucha baada ya siku nzima ya kazi.

Sasa hesabu na upande wa mwili. Ijumaa hiyo utakuwa umeamka saa kumi na mbili asubuhi kama ilivyo kawaida yako. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo wa jicho na mkono kufanya kazi pamoja, sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mpaka wa kisheria kwa dereva. Saa 17 zako zinatimia saa tano usiku, yaani muda wa saa moja tu tangu mtoke nyumbani. Najua kamwe usingewapakia wajukuu wangu garini ukiwa umekunywa. Basi na usiku huo usiwapakie.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulikuwa na miaka minne, umelala kiti cha nyuma, nami nilikuwa nimeendesha tangu alasiri hadi usiku wa manane kwa kuwa nilitaka kufika siku ileile. Nilikuwa nimefungua dirisha na kuongeza sauti ya redio. Nakumbuka taa nyekundu za lori lililokuwa mbele yangu, kisha nakumbuka mngurumo wa kokoto chini ya magurudumu ya upande mmoja, na kati ya mambo hayo mawili hakuna kitu: si ndoto, wala hisia ya kufumba macho. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye usukani. Niliporudisha gari barabarani na kusimama kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa mbele, niligeuka kukutazama, nikakukuta umelala vilevile, vidole vyako vimeshika mkanda. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo usingizi wa sekunde nne tu ni zaidi ya mita 110 ambazo gari limekwenda bila dereva. Nilikaa pale mpaka kulipokucha.

Dirisha na redio havikunisaidia, na wewe havitakusaidia. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, na hata hapo huahirisha usingizi tu. Anayesinzia hana dawa nyingine ila kulala. Ukihisi kope zinakuwa nzito, ukajikuta hukumbuki kilomita chache zilizopita au gari linaanza kugusa mstari, tafuta mahali salama nje ya barabara, mpe mkeo usukani au lala dakika 15 hadi 20, kisha tembea kidogo akili ikae sawa kabla ya kuendelea.

Pendekezo langu, basi, ni hili. Laleni Ijumaa, muondoke Jumamosi alfajiri, mwende kilomita 500, mlale njiani, mmalizie 400 Jumapili. Badilishaneni usukani kila baada ya saa mbili hata kama aliyeushika anasema hajachoka, kwa sababu mtu aliyechoka huwa hakimu mbaya wa uchovu wake mwenyewe. Ndiyo maana nataka vituo vya kupumzika na nyumba ya kulala wageni vichaguliwe sasa, mkiwa mezani, na kuandikwa. Jihadharini na muda wa kati ya saa nane na saa kumi mchana, ambao mwili hulegea wenyewe hata kwa mtu aliyelala vizuri.

Nakuja kwenye gari. Fundi akisema gari liko sawa, muulize ameangalia nini, maana mara nyingi huwa ni mafuta ya injini na breki, na matairi hutazamwa kwa jicho la kupita. Upepo upime mwenyewe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na magari mengi yana viwango viwili, cha mzigo mwepesi na cha gari lililojaa. Ninyi mtafuata cha pili. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi usiifuate, hiyo ni kikomo chake cha juu. Watu wengi huogopa upepo mwingi, kumbe upepo mdogo ndio hatari zaidi, kwani tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, mkunjo huo huzalisha joto ndani yake, na baada ya saa kadhaa za mwendo kasi na mzigo, tairi hupasuka. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umekauka na kupasukapasuka. Na likiwa na uvimbe ubavuni, libadilishe siku hiyohiyo, kwani nyuzi za ndani zimekatika.

Tairi la akiba nalo lipime. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: chukua spana na jeki vilivyomo ndani ya gari, ujaribu kulegeza nati za gurudumu moja hapo nyumbani. Nati zilizokazwa kwa mashine ya gereji mara nyingine hazikubali spana fupi ya gari, na ni heri ulijue hilo sasa kuliko ukiwa umepiga magoti kando ya barabara gizani. Ukimaliza, zikaze vizuri. Maji ya rejeta yaangalie injini ikiwa baridi, na injini ikichemka njiani usithubutu kufungua kifuniko chake. Taa, waipa na betri vitakuchukua dakika kumi.

Watoto wafungwe kila mmoja kwenye kiti chake cha watoto, nyuma, hata wakilia. Asipakatwe mtu, hata kwa kumbembeleza, maana gari likigonga kitu kwa kilomita 50 tu kwa saa, mtoto huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi mara 20 uzito wake, na hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia. Mizigo mizito iwe chini, imesukumwa mpaka mgongo wa kiti cha nyuma, na pasiwe na kitu kigumu kilicholegea juu yake. Pembetatu za tahadhari, tochi, maji na sanduku la huduma ya kwanza viwe mahali mnapoweza kuvifikia bila kushusha mizigo yote.

Mkikuta maji yanapita juu ya barabara, msivuke. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na huwezi kujua kama lami bado ipo chini yake. Kwenye mteremko mrefu shuka kwa gia ndogo, usikalie breki mpaka zikachemka.

Niandikie jina la mji mtakaolala na saa mnayotarajia kufika, ukiongeza saa mbili za dharura ili usijihisi unakimbizwa. Nipigie mkishasimama, gari likiwa limezimwa. Mkichelewa nitasubiri.

Mama yako