Nabeba katoni za Putinka ghalani Moscow, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nasoma Moscow. Tangu baba afariki, pesa za kujikimu zimekatika, nami usiku napakua mizigo ghala la supamaketi. Katoni nyingi ni za Putinka, ile vodka yenye jina la Rais Putin. Mwenzangu wa Asia ya Kati, Muislamu, asema nisijali: ni ya ngano, si ya zabibu, na kwa Imamu Abu Hanifa hiyo si khamr, yaani pombe iliyoharamishwa. Msimamizi naye kanizawadia chupa. Nataka kumpelekea mjomba iwe ukumbusho tu.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Allah amrehemu baba yako.

Kilichonikera ni hilo la ngano, maana nimelisikia hata kwa wenye vilemba. Sayyidna Umar alisimama juu ya mimbari ya Mtume akasema khamr iliposhuka uharamu wake ilitokana na vitu vitano: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, na khamr ni kila kinachofunika akili. Imo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Ngano imetajwa kwa jina lake! Ni kweli Abu Hanifa alitofautisha vinywaji, lakini hata yeye hakumhalalishia mtu kulewa. Na mwanafunzi wake Muhammad bin al-Hasan akaharamisha kidogo na kingi, kauli ambayo ndiyo Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, wanaitolea fatwa. Mwenzako kaokota nusu ya mas-ala. Au anayenunua kinywaji cha asilimia 40 anatafuta dawa ya kikohozi?

Jina halina uzito. Imeingia sokoni 2003, Putin akiwa muhula wa kwanza. Ni ujanja wa wauzaji. Wangeipa jina la walii ingebaki pombe. Mjomba mpelekee kofia ya manyoya, na chupa imwage sinki.

Gumu ni kazi. Katika hadithi ya Anas kwa Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi katika pombe, na mbebaji yumo. Hata hivyo sikuambii uache leo ulale njaa. Kesho mwombe msimamizi akuhamishie upande wa maziwa na mikate. Akikataa, tafuta kwingine, wala usikae siku moja zaidi ya dharura.

Tena, katika maelezo yako hukumtaja hata ndugu mmoja wa kuegemea huko, ila huyo wa ngano. Ijumaa nenda Msikiti Mkuu wa Moscow, ule uliofunguliwa upya 2015, umwone imamu baada ya swala, umweleze hali yako bila haya. Mama pia mwambie kazi unayofanya, usimfiche. Msimamizi akijibu, niandikie.