Samansi haimfikii mdaiwa: naweza kuomba mahakama imteue ndugu yangu aipeleke?

SWALI: Assalaam aleikum, wakili. Nilimuuzia bwana mmoja injini ya mashua kwa mkopo, akalipa nusu akanyamaza. Nimefungua kesi ya madai mahakamani hapa Mombasa, mwenyewe, sina wakili. Samansi ilitoka miezi kumi iliyopita na hadi leo hajaipata. Mpeleka samansi alikwenda nyumbani kwake Kisauni mara mbili. Mara ya kwanza akakuta kufuli mlangoni, mara ya pili mkewe akamwambia bwana yuko safarini. Kumbe siku hizi anavua Shimoni, na huko ndiko anakolala. Kijana wa kaka yangu hununua samaki palepale na humwona karibu kila asubuhi. Nimeambiwa mtu anaweza kuiomba mahakama imteue mtu maalumu wa kupeleka hati. Je, naweza kuomba ateuliwe huyo kijana? Au nipeleke mimi? WhatsApp yangu huijibu vizuri tu: “nitalipa inshallah”.
— Msomaji, Mtongwe

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kuomba unaweza. Kanuni za Kenya za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 5, kanuni ya 5, zinataja wanaoweza kukabidhiwa samansi: mtu aliyeidhinishwa na mahakama, wakili au karani wake aliyekubaliwa na mahakama kwa kazi hiyo, afisa wa polisi, na kampuni yenye leseni ya kupeleka vifurushi. Hao wa kwanza, walioidhinishwa na mahakama, kwa kawaida ndio wapeleka samansi wenye leseni unaowaona wakizunguka masjala na mafaili kwapani. Lakini maneno ya kanuni hayamfungii nje mtu mwingine ikiwa hakimu ataridhika naye.

Hata hivyo, kabla ya kuzungumza juu ya nani, tazama tarehe iliyo kwenye samansi yako. Samansi huishi miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Wewe umebakiwa na miwili. Ikipita kabla haijamfikia mdaiwa, itabidi uombe iongezewe muda, na ikifika miezi 24 bila ya kuomba, mahakama inaweza kuifuta kesi yenyewe bila hata kukuita. Ombi la kuongeza muda si gumu. Unaweka hati ya kiapo inayoeleza safari zilizofanywa kumtafuta na matokeo ya kila safari, na hakimu anaweza kutoa amri bila ya kukusikiliza ana kwa ana. Kwa hivyo nenda kwa yule mpeleka samansi wa Kisauni sasa hivi, akuandikie kiapo cha zile safari mbili: tarehe, saa, alichokikuta, nani alimjibu. Watu wengi huziona safari zilizoshindwa kuwa hasara, hawazidai kwa maandishi, kisha wanapozihitaji mpeleka samansi hazikumbuki tena.

Sasa kijana wa kaka yako. Ningekuwa mahali pako nisingemwombea uteuzi.

Kumpa mtu karatasi mkononi ni kazi ya dakika moja. Shida huja baadaye, siku mdaiwa atakaposimama mbele ya hakimu na kusema, “Mimi sikupewa chochote.” Wanasema hivyo mara nyingi mno, na husema baada ya hukumu, dalali wa mahakama akishabisha hodi. Hapo kanuni ya 16 inamruhusu hakimu kumwita aliyepeleka, amwapishe na kumhoji. Mfikirie kijana wako kizimbani. Mdai ni nani yako? Shangazi yangu. Hiyo injini wewe ulihusika? Ulimpa saa ngapi, mbele ya nani? Kijana anaweza kuwa anasema kweli tupu, lakini udugu wake utakuwa umeshatia shaka. Na ikionekana samansi haikupelekwa ipasavyo, hukumu uliyoipata bila mdaiwa kujitetea hutenguliwa chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, na hutenguliwa kama haki yake, si kwa hisani ya hakimu. Unarudi mwanzo, na pengine gharama ni zako.

Ila huyo kijana ni hazina, na kanuni imeshamwekea nafasi yake. Kanuni ya 15 ya Agizo la 5 inataka kiapo cha mpeleka samansi kitaje saa na namna hati ilivyotolewa, pamoja na jina na anwani ya mtu aliyemtambulisha mdaiwa na kushuhudia. Nafasi hiyo ndiyo ya kijana wako. Mlipe mpeleka samansi mwenye leseni iliyo hai nauli ya Likoni hadi Shimoni, wakutane na kijana asubuhi wakati mashua zinarudi, kijana amwonyeshe: huyu hapa. Mwenye leseni atoe hati na kuapa, kijana abaki kuwa shahidi wa sura. Ukweli kwamba ni mtoto wa kaka yako utajwe wazi ndani ya kiapo. Ukifichwa kisha ukafichuka, ndio utakaokuumiza. Kesi kuwa Mombasa na mtu kuwa Kaunti ya Kwale hakuzuii lolote.

Akikataa kutia sahihi, asibembelezwe wala kuvutwa shati. Mpeleka samansi amweleze ni hati gani, amwachie, aandike kwamba alikataa. Hakimu akiridhika anaweza kutamka kwamba amepata samansi ipasavyo. Na yule mke wa Kisauni pia si wa kupuuzwa. Baada ya majaribio ya kutosha na mdaiwa hapatikani, samansi inaweza kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Lakini kwa kuwa wewe unajua kwamba bwana analala Shimoni, sikushauri kuitegemea njia hiyo. Wakili wake atauliza, wanaishi pamoja vipi? Kwa sababu hiyohiyo usikimbilie kuomba tangazo la gazetini au kubandika hati ukutani. Hizo ni za mtu asiyepatikana, na huyu anapatikana kila asubuhi.

Ikiwa mpeleka samansi mwenye leseni hatapatikana wa kwenda huko, na bado wataka uteuzi, andika ombi pamoja na hati ya kiapo. Eleza nani alishajaribu na ikawaje, kwa nini mtu huyu ndiye anayefaa, jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, anapoishi, kwamba ni mtu mzima, hana maslahi katika kesi, na yuko tayari kuja kuhojiwa. Omba amri imtaje yeye kwa jina na itaje hati anazopeleka, na asiguse karatasi kabla amri haijatoka. Mimi ningemtafuta mtu asiye wa ukoo.

Wewe mwenyewe kuipeleka, la. Huenda umesikia kwamba Marekani, katika mahakama za shirikisho, yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kupeleka hati bila leseni yoyote. Ni kweli, ila hata huko mhusika wa kesi haruhusiwi.

Hiyo WhatsApp nayo ina uzito kuliko unavyodhani. Tangu mabadiliko ya 2020, kanuni ya 22C ya Agizo hilo la 5 inaruhusu samansi kutumwa kwa programu za ujumbe wa simu, kwa nambari ya mwisho inayojulikana na iliyotumiwa na mdaiwa. Usiitume wewe. Mpe nambari mpeleka samansi, aitume kwa simu yake, kisha aambatanishe kwenye kiapo ushahidi kwamba ujumbe ulifika. Zile “nitalipa inshallah” zipige picha, zikionyesha nambari na tarehe. Zinathibitisha nambari ni yake na anaitumia, na zinakiri deni pia. Mimi ningefanya yote mawili wiki moja: Shimoni kwa mkono, na simu kama nyongeza.

Kiapo kikishaingia kwenye faili, hesabu siku alizopewa kwenye samansi. Zikipita bila yeye kujitokeza, na madai yako ni ya kiasi maalumu cha pesa, jaza Fomu nambari 13 uombe hukumu chini ya Agizo la 10, kanuni ya 4.