Mota ikiwaka, saketi inazima: supakapasita zilivyonitoa jasho

Juzi msomaji kaniandikia: kila mota yake ikianza kuzunguka, saketi inazima na kujiwasha upya. Nikacheka, kisha nikakumbuka miezi miwili niliyoipoteza kwa tatizo hilohilo.

Nilikuwa natengeneza kitasa cha umeme. Chanzo kilikuwa tundu la USB: volti 5, mwisho ampea 0.5. Mota ikianza inavuta ampea 2 kwa nusu sekunde hivi, volti zinaporomoka, maikrokontrola, ile chipu inayoongoza kitasa, inazimia. Jamaa mmoja akaniambia, "Si ununue adapta kubwa, uache ubishi?" Iliniuma. Chanzo sikukichagua mimi.

Nikanunua supakapasita, kifaa kinachotunza chaji ya umeme na kuitoa inapohitajika: ya duara, mfano wa sarafu, faradi 1 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kutunza chaji), volti 5.5. Muuzaji aliniapia itafaa. Haikusaidia chochote. Baadaye sana ndipo nikasoma karatasi ya vipimo: ukinzani wa ndani omu 30! Hata ukiipiga shoti, haifikishi ampea 0.2. Kazi yake ni kuishikilia saa au kumbukumbu umeme ukikatika, mota haiiwezi.

Nikachukua mbili za faradi 10, volti 2.7 kila moja, nikaziunga mfululizo: faradi 5, volti 5.4. Kuchomeka tu, chanzo kikazima. Supakapasita tupu, kwa chanzo, ni shoti. Nikaweka rezista, kipande cha kupunguza mkondo, ya omu 12 kati ya chanzo na supakapasita, ya robo wati, wakati mzigo wake pale mwanzo unapita wati 2. Ikageuka kahawia, ikatoa uzi wa moshi, nami nimekaa naitazama tu. Wewe weka ya wati 5.

Leo kitasa kinafunguka kila mara, na najivunia. Ampea 2 kwa nusu sekunde, gawanya kwa faradi 5: zinashuka volti 0.2. Ukinzani wa ndani wa zote mbili, omu 0.1, unakula 0.2 nyingine. Basi. Mota ichukue umeme kwenye supakapasita, maikrokontrola ichukue kabla ya rezista. Kila supakapasita iwekee rezista sambamba, zenye thamani sawa, la sivyo moja itabebeshwa volti kupita kiasi.

Ila ndugu yangu, mota yako ni ya pampu inayozunguka saa nzima? Mpango huu achana nao. Rezista itakunyima umeme. Wenzangu, mnapenda kununua kabla ya kupiga hesabu! Someni karatasi ya vipimo. Nasema tena, someni. Na mkishachomeka, subirini dakika nne tano supakapasita zijae.

Yule jamaa wa adapta alinipigia wiki iliyopita, sauti ya chini: "Hivi ulisema faradi ngapi?"