Swali la lugha: "Vizuri" ni kivumishi au kielezi?

SWALI: Najifunza sarufi ya Kiingereza, na kitabu ninachotumia kinasema aina za maneno ni nane. Nilipojaribu kuzitumia kwenye sentensi za Kiswahili nikakwama. "Vizuri" mahali pengine linaitwa kivumishi, mahali pengine kielezi. "Hiki" nalo lina majina mawili, na "kusoma" mara ni nomino, mara ni kitenzi. Je, nikariri kila neno na aina yake, au kuna njia ya kujua?

JIBU: Usikariri. Aina ya neno hutokana na kazi linayofanya ndani ya sentensi, na neno moja linaweza kufanya kazi mbili au tatu. Kamusi hukuonyesha kazi ambazo neno linaweza kufanya, lakini kazi linayoifanya katika sentensi yako lazima uitafute mwenyewe. Hata Kiingereza kiko hivyo: neno "fast" linaweza kusifu gari, na linaweza pia kueleza namna mtu anavyokimbia, bila kubadilika hata herufi moja.

Hizo nane zenyewe ni nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Vitabu vya zamani huiita nomino "jina", na wengine huita kihisishi "kiingizi". Usibabaishwe na majina. Idadi nayo isikutishe. Sarufi ya Kigiriki inayonasibishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 KK, nayo ilikuwa na aina nane, lakini si nane hizi: kivumishi hakikuwemo kama aina ya pekee, kilihesabiwa pamoja na nomino. Kila lugha hugawa maneno yake kwa namna inayolifaa umbo lake, kwa hiyo orodha ya Kiingereza haiwezi kuhamishwa nzima nzima kuletwa kwenye Kiswahili.

Tofauti kubwa ni hii. Kiingereza hutegemea sana mpangilio wa maneno kuonyesha kazi ya kila neno. Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi, yaani vile viambishi vinavyofanya neno moja lifuate ngeli ya jingine, na huo ndio ushahidi wako wa kwanza. Anza nao kila mara.

Tuchukue "vizuri". Angalia sentensi mbili: "Vitabu vizuri vimenunuliwa" na "Wanafunzi wanasoma vizuri." Geuza zote ziwe umoja. Ya kwanza inakuwa "Kitabu kizuri kimenunuliwa", ya pili "Mwanafunzi anasoma vizuri". Katika ya kwanza neno limebadilika pamoja na nomino, maana lilikuwa limefungwa kwenye nomino hiyo: ni kivumishi. Katika ya pili halikutikisika, kwa sababu linaeleza kitenzi: ni kielezi. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa "vibaya".

Kuna sentensi ambazo macho peke yake hayatoshi. "Wameosha vyombo vizuri" ina maana mbili: vyombo vilivyooshwa ni vizuri, au kazi ya kuosha imefanywa vizuri. VI ya ngeli na VI ya kielezi zimegongana. Weka umoja ndipo zitengane: "Wameosha chombo kizuri" ni maana ya kwanza, "Wameosha chombo vizuri" ni ya pili. Ukiwa wewe ndiye mwandishi, usimwachie msomaji kazi ya kubahatisha. Kama unasifu kazi, sogeza kielezi kando ya kitenzi: "Vyombo wameviosha vizuri." Kama unasifu vyombo, sema "vyombo vilivyo vizuri".

"Sana" halina mgogoro huo. Ni kielezi popote lilipo, liwe limefuata kitenzi ("anasoma sana"), kivumishi ("mrefu sana") au kielezi kingine ("vizuri sana"). Wanafunzi wengi huliandika kivumishi kwa sababu tu limekaa jirani na kivumishi. Ujirani si kazi.

Sasa "hiki". Hapa kipimo ni kuuliza kama nomino yenyewe imetajwa. "Kitabu hiki ni cha nani?" Nomino ipo, "hiki" linaifafanua, ni kivumishi. "Hiki ni cha nani?" Nomino haipo, "hiki" limeshika nafasi yake, ni kiwakilishi. Kosa linalojirudia ni kuangalia mahali neno lilipo badala ya kuangalia nomino: katika "Hiki kitabu kimechanika" wengi huandika kiwakilishi kwa kuwa "hiki" limetangulia. Nomino ipo palepale mbele yake, basi ni kivumishi. Fuata kanuni hiyo kwa "changu", "viwili", "chote" na "kipi". Kiingereza wakati mwingine hurahisisha mambo kwa kubadili umbo: "my" hukaa na nomino, "mine" hukaa peke yake. Kiswahili hutumia "changu" kwa kazi zote mbili.

Kundi la "mgonjwa" na "mvivu" linahitaji uangalifu zaidi. "Mtoto mgonjwa amelala": kivumishi. "Mgonjwa amelala": hakuna nomino nyingine, lakini hatuliiti kiwakilishi, kwa kuwa msikilizaji haulizi "mgonjwa gani tena, wa kitu gani?" Neno limeshakuwa jina kamili la mtu wa hali hiyo, nalo huingizwa kamusini kama nomino. Linganisha na "Kirefu kimevunjika." Hapo lazima uwe umeshajua tunazungumzia kiti, kijiti au kisu. "Kirefu" linaegemea nomino iliyotajwa kabla, kwa hiyo ni kiwakilishi cha sifa.

"Kusoma" ndilo gumu kuliko yote, na ni vizuri kukiri ugumu wake. Katika "Kusoma kunahitaji subira", kitenzi "kunahitaji" kimechukua KU kutoka kwa "kusoma". Neno linalotawala upatanisho linafanya kazi ya nomino. Ndiyo maana likaitwa kitenzi-jina. Utasema pia "Kusoma kwake kunanifurahisha", na "kwake" nalo limefuata KU hiyo hiyo. Katika "Anataka kusoma" hakuna kinachopatana nalo. Linakamilisha kitenzi kilichotangulia, na shuleni huhesabiwa kitenzi. Usitumie kipimo cha kuchukua yambwa (kile kinachotendwa) hapa, maana hakitakusaidia: "Kukisoma kitabu hiki kunahitaji subira" ina KI ya yambwa ndani yake na bado inatawala upatanisho. Neno hili lina damu ya pande zote mbili. Tazama upatanisho tu.

Kipimo hicho hicho kinatatua "mezani". "Kitabu kiko mezani": kielezi cha mahali. "Mezani pamejaa vumbi": sasa neno limetoa PA kwenye kitenzi, limekuwa kiima, yaani ndilo linalozungumziwa, linafanya kazi ya nomino.

Kwenye maneno madogo upatanisho mara nyingi haupo, hivyo angalia kinachofuata. "Chini" katika "Amekaa chini" ni kielezi; katika "Amekaa chini ya mti", "chini ya" ni kihusishi kwa sababu kinafuatwa na nomino. "Mpaka" lina kazi tatu. "Mpaka umefungwa" ni nomino, na U ya kitenzi inathibitisha. "Alitembea mpaka mtoni" ni kihusishi, kinafuatwa na mahali. "Ngoja mpaka arudi" ni kiunganishi, kinafuatwa na kishazi chenye kitenzi chake.

"Ni" katika "Asha ni mwalimu" huitwa kiunganishi na wanafunzi wengi, eti kwa sababu linaunganisha Asha na mwalimu. Hapana. Ni kitenzi kishirikishi, yaani kitenzi kinachoeleza hali ya kuwa, sawa na "si". Kadhalika "ana" katika "Asha ana kalamu" ni kitenzi, ingawa "na" ya "Asha na Juma" ni kiunganishi.

Kuhusu "cha" katika "kiti cha mbao", utakuta walimu wawili wanapingana, na wote wana hoja. Anayetazama neno "cha" peke yake huliita kihusishi. Anayetazama "cha mbao" kwa pamoja huona linasifu kiti, akaliita kivumishi cha a-unganifu (ile A iliyomo katika "cha", "wa" na "ya"). Kabla ya mtihani, hakikisha unajua mtaala wako unafuata upande gani, kisha ushike huo huo mwanzo hadi mwisho.

Jambo moja la kuzingatia unaporudi kwenye Kiingereza: usitafute neno kwa neno. "Anakisoma" ni neno moja, kitenzi. Ndani yake mna mtendaji A, wakati NA, yambwa KI na mzizi SOM. Kiingereza kitatumia maneno manne, na mawili kati ya hayo yataitwa viwakilishi. Katika Kiswahili A na KI ni viambishi, si maneno, hivyo haviingii kwenye hesabu ya aina za maneno.

Tujaribu sentensi nzima: "Wale wawili walisubiri nje mpaka mwalimu wao aliporudi." Anza na vitenzi: "walisubiri" na "aliporudi". Uliza nani kasubiri: wale. Nomino haikutajwa, basi "wale" ni kiwakilishi. "Wawili" linakifafanua kiwakilishi hicho, na kivumishi kinaruhusiwa kufafanua kiwakilishi kama kinavyofafanua nomino, ni kivumishi. "Nje" inaeleza waliposubiri: kielezi. "Mpaka" inafuatwa na kishazi chenye kitenzi "aliporudi": kiunganishi. "Mwalimu" ni nomino. Limebaki "wao", na hapo ndipo wengi huanguka kwa sababu lina umbo moja na kiwakilishi cha nafsi cha "Wao waliondoka". Badili nomino: weka "kitabu" mahali pa "mwalimu". Utalazimika kusema "kitabu chao". Neno limefuata ngeli ya nomino. Ni kivumishi cha kumiliki.