Kabla ya Kukihukumu Kifaa, Kipime Kikiwa Kazini

Ndani ya sanduku langu la vipuri mna mota nne ndogo ambazo, kwa nyakati tofauti, nilizihukumu kuwa zimeungua, nikazing'oa na kuweka nyingine. Siku moja nilipoishiwa na mota mpya niliziunganisha hizo za zamani moja baada ya nyingine kwenye betri nzima, na zote nne zikazunguka. Malitimita yangu, yaani kifaa cha kupimia umeme, haikuwa mbovu. Nilikuwa nimechagua wakati usiofaa wa kupima. Nilizoea kuichomoa mota, kupima volteji kwenye ncha za waya zilizobaki wazi, kuona volti 6 kamili, kisha kukata shauri kwamba umeme unafika na kwa hiyo mwenye kosa ni mota.

Malitimita ya dijiti inapopima volteji huwa na ukinzani (kipingamizi cha mkondo) mkubwa, kwa kawaida karibu megaomu 10, hivyo mkondo inaouvuta ni kama haupo. Kiungo kilicholehemiwa vibaya, chenye ukinzani wa omu 2, hakiwezi kuonekana kwa kipimo cha namna hiyo, kwa sababu mkondo ukiwa karibu na sifuri hakuna volteji inayopotea. Mota inapounganishwa na kudai ampea 1.5 za kuanzia, kiungo kilekile humeza volti 3, na mota hubaki na nusu ya volteji iliyostahili. Betri iliyochoka hudanganya vivyo hivyo: ikiachwa bila kazi husoma vizuri, ikitwikwa mzigo huanguka.

Kwa hiyo siku hizi, katika sakiti za volteji ndogo, naacha kila kitu kimeunganishwa, nawasha, kisha naweka ncha moja ya malitimita upande mmoja wa swichi na ncha ya pili upande wa pili. Swichi nzima iliyowashwa husoma karibu na sifuri. Nikiona nusu volti au zaidi, nimempata mwizi. Napita hivyo kiungo kwa kiungo, nikianzia kwenye betri, na upande wa hasi siusahau, maana wengi wetu hukagua waya wa chanya tu kana kwamba mkondo haurudi.

Mota ina jambo jingine linalosumbua wanaoiendesha kwa bodi yenye kompyuta ndogo: kila inapoanza, bodi hujizima na kujiwasha upya. Hapa kuna magonjwa mawili yenye dalili moja. La kwanza ni kushuka kwa volteji, kwa kuwa mota ambayo bado haijazunguka haina volteji ya kupinga ile ya betri, na kinachozuia mkondo ni ukinzani wa koili zake peke yake. La pili ni kelele za umeme zinazotokana na cheche za brashi, vipande vinavyopeleka mkondo kwenye sehemu inayozunguka. Ili kuyatenganisha, naiondoa mota na mahali pake naweka rezista yenye ukinzani unaokaribia ule wa koili, yenye wati za kutosha, kwa sekunde chache tu kwa sababu hupata moto upesi. Bodi ikiendelea kujizima, tatizo ni chanzo cha umeme, na dawa yake ni betri au adapta yenye nguvu zaidi, au mota kupewa chanzo chake huku pande za hasi zikiunganishwa. Bodi ikitulia, nashuku kelele, na naanza kwa kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) ya seramiki ya nanofaradi 100 iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ncha za mota. Mota inayoendeshwa kwa transista kwa mwelekeo mmoja tu huhitaji pia dayodi (kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja) iliyowekwa kinyume kwenye ncha zake, la sivyo transista haitadumu.

Kwenye taa za nyumbani udanganyifu hugeuka: kipimo huonyesha umeme mahali ambapo hakuna nguvu ya maana. Balbu ya LED huendelea kung'aa hafifu, au kumetameta kila baada ya muda, ingawa swichi imezimwa. Mara nyingi chanzo ni waya mbili ndefu zilizolala bega kwa bega na kufanya kazi kama kapasita, au swichi yenye kitaa cha kiashirio kinachopitisha mkondo kidogo. Malitimita inaweza kusoma makumi ya volti hapo, na volteji hiyo ikatoweka mara tu mzigo halisi unapowekwa. Hata hivyo, mtu asichukulie kwamba volteji anayoiona ni ya uongo hadi athibitishe kwa kipimo chenye ukinzani mdogo, kwani huenda swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laini, na kishikio cha balbu kikabaki na umeme hatari hata taa ikiwa imezimwa. Kurekebisha kosa hilo ni kazi ya fundi umeme mwenye sifa, si ya meza ya burudani.

Feni ya umeme wa nyumbani inayonguruma bila kuzunguka, lakini ikishazungushwa hukubali kuendelea, kwa kawaida ina kapasita iliyochoka. Hapa kanuni yangu haifai: umeme unakatwa kabisa, kapasita inamalizwa chaji kupitia rezista, ndipo inapimwa nje ya sakiti na kulinganishwa na namba iliyoandikwa juu yake.

Vichujio, yaani sakiti zinazopitisha masafa fulani na kupunguza mengine, ndivyo vilivyonipotezea muda mwingi kuliko vyote. Niliwahi kutengeneza kichujio cha rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, ambacho kwa hesabu hukata kwenye hezi 159, yaani huanza kupunguza masafa yaliyo juu ya hapo. Kikiwa peke yake kilitii. Nilipokiunganisha na sakiti ya hatua iliyofuata, yenye ukinzani wa kuingilia wa kiloomu 10 vilevile, mawimbi yakapungua kwa nusu na mkato ukasogea hadi hezi 318. Nilibadilisha kapasita tatu kabla ya kukubali kwamba zote zilikuwa sahihi, na kwamba hatua ya pili ndiyo iliyokuwa imegeuka sehemu ya kichujio.

Chujio la adapta nalo hupimwa kwa mzigo. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 baada ya daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza umeme wa AC kuwa wa DC), kwenye umeme wa hezi 50, huachia mawimbi, yaani volteji kupanda na kushuka, ya karibu volti 5 pale kifaa kinapovuta nusu ampea. Bila mzigo mawimbi hayo hayaonekani. Mlio wa hezi 100 kwenye spika humaanisha chujio limeshindwa, ilhali wa hezi 50 mara nyingi huingia kupitia waya au miunganisho ya ardhi.

Kwa kazi hizi zote za volteji ndogo, mezani kwangu kuna balbu ya gari ya volti 12 na wati 21. Ikiwaka kikamilifu huvuta ampea 1.75, lakini uzi wake ukiwa baridi huvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa kitambo kidogo, na hivyo huiga vizuri sana mota inayoanza.